Nishati safi isiishie jikoni: nyumba za baridi nazo zipashwe kwa umeme wa jua

Ndugu Mhariri,

Tangu Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uzinduliwe mwaka 2024, habari za mitungi ya gesi na majiko ya umeme zimekuwa nyingi magazetini, na lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034 limeshazoeleka masikioni. Tunaliunga mkono. Ila huku kwenye baridi kuna pengo ambalo halisemwi. Njombe, Makete, Mufindi, Mbeya, Lushoto, mkaa hauishii kwenye sufuria ya ugali. Chakula kikishaepuliwa, jiko lile lile linaongezwa mkaa, linabandikwa maji ya kuoga, halafu linabebwa mpaka chumbani watu waote. Ukimpa mama wa nyumba hiyo mtungi wa gesi umemsaidia kupika, lakini gunia la mkaa atalinunua vilevile, kwa sababu mtungi hauotwi, na hakuna atakayekubali kuumaliza kwa kuchemsha maji ya watu sita asubuhi na jioni.

Na jiko la chumbani ndilo linaloua. Mkaa uliokwisha kushika vizuri, ule mwekundu usio na moshi ambao watu huudhani salama, unaendelea kutoa hewa ya kaboni monoksaidi. Haina harufu wala rangi, na hushikana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Aliyelala haamshwi na kikohozi, anazidi kulala. Kuacha dirisha wazi kidogo si kinga ya kutegemea, na kwa kweli usiku wa Julai nani ataliacha wazi?

Tunachotaka kusema ni kwamba nyumba ya kawaida ya tofali za kuchoma na bati inaweza kupata maji moto na vyumba vyenye joto kwa umeme peke yake, sehemu kubwa ukitoka juani, bila bili kumtia mtu umaskini. Lakini si kwa hita zile zinazouzwa madukani. Ni kwa pampu ya joto.

Pampu ya joto ni friji iliyogeuzwa. Friji huchota joto ndani ya kabati na kulitoa nje. Weka kiganja ubavuni au nyuma ya friji inayofanya kazi utalisikia. Pampu ya joto huchota joto kwenye hewa ya nje, hata ikiwa nyuzi 8, na kulisukumia ndani ya nyumba au ndani ya tangi la maji. Umeme unatumika kuzungusha kompresa na feni tu. Kwa hiyo uniti moja ya umeme inaleta uniti tatu hivi za joto, wakati hita ya koili, yaani ya waya unaopata moto, haiwezi kuzidi uniti moja kwa uniti moja, iwe ya bei gani.

Ulaya mitambo hii imeenea, lakini kule wana shida ambayo sisi hatuna: baridi inapokuja, jua linaondoka. Kwetu Nyanda za Juu Kusini miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, ndiyo ya kiangazi. Mbeya na Makete usiku watu wanatetemeka, kesho yake saa tano anga ni bluu tupu. Mufindi upande wa mashamba ya chai na Lupembe ni tofauti kidogo, ukungu na manyunyu vinaweza kukaa siku kadhaa, na Lushoto hali kadhalika. Huko ongeza theluthi moja ya paneli katika hesabu zitakazofuata.

Kabla ya kununua chochote chenye waya, angalia juu. Tuchukue chumba cha mita 4 kwa 3.5, kimo mita 2.7, kuta mbili zikiwa za nje, dirisha moja la vioo vya kawaida. Nje nyuzi 8, ndani unataka 20. Kama hakuna dari, bati pekee linapoteza wati 1,200 hivi. Kuta mbili za tofali zinapoteza 500, dirisha 140, na matundu ya hewa juu ya dirisha pamoja na upenyo kati ya ukuta na bati unakula mengine kama 600. Jumla inakaribia wati 2,400. Sasa weka dari ya jipsamu, juu yake pamba ya kioo ya milimita 100, ziba upenyo wa juu ya ukuta, weka mpira chini ya mlango. Bati linashuka hadi wati 70, hewa hadi 150. Chumba kizima kinabaki na wati 860 hivi. Yaani karibu theluthi mbili ya joto ulilokuwa ukinunua lilikuwa linapasha anga.

Mafinga na Njombe maranda ni ya kumwaga, na wapo wanaoyapandisha juu ya dari badala ya pamba ya kioo. Yanazuia joto kweli, ila yananyonya unyevu, panya wanazaliana humo, na waya ukipata hitilafu yanaungua polepole ndani kwa ndani bila mtu kuona mwali. Hatuyashauri. Hata ukitumia pamba ya kioo, nyaya za wayaringi zipandishwe juu yake zisifunikwe, na taa zilizozama kwenye dari ziachiwe nafasi ya kupumua.

Mpangilio wa kazi hapa ni suala la uhai. Jiko la mkaa litoke kwanza, ndipo matundu yazibwe. Nyumba iliyozibwa vizuri huku jiko likiendelea kuingizwa ndani usiku ni hatari kuliko ilivyokuwa mwanzo. Na hata baada ya hapo acha tundu moja dogo katika kila chumba cha kulala, watu wapate hewa.

Tuje kwenye maji, maana ndiyo yanayokula nishati kila siku ya mwaka, si miezi mitatu tu. Familia ya watu sita, kila mmoja lita 40 za maji ya vuguvugu, na vyombo vya kuosha, inatoshelezwa na tangi la lita 200 lenye nyuzi 50. Lita 200 za nyuzi 50 zikichanganywa na ya bomba yenye nyuzi 16 zinatoa karibu lita 280 za nyuzi 40. Kuyapandisha maji hayo kutoka 16 hadi 50 kunahitaji uniti 7.9 za joto. Kwa mkaa, katika jiko linalofikisha robo ya joto lake kwenye sufuria, ni kilo 4 hivi kwa siku. Kwa hita ya koili ni uniti 7.9 za umeme. Kwa pampu ya joto ni uniti 2.6.

Piga hesabu ya LUKU. Kundi T1, la wateja wa kawaida, ni shilingi 292 kwa uniti, ukiongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA (wakala wa umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1 unafika 356. Koili itakula zaidi ya shilingi 84,000 kwa mwezi, pampu shilingi 28,000. Tofauti hiyo inarudi kila mwezi kwa miaka yote ya tangi.

Ukienda kununua, tafuta tangi lenye pampu yake juu, kompresa inayovuta wati 500 hadi 700. Litachukua saa nne hadi tano kupasha lita 200. Watu wanalalamika kwamba ni polepole ukilinganisha na shawa ya umeme ya wati 5,500. Ni kweli, na huo polepole ndio uzuri wake: mzigo wa wati 600 unabebwa na paneli mbili bila jasho, wakati shawa ya wati 5,500 inayeyusha swichi na kuhitaji nyaya nene. Weka taima iwashe saa nne asubuhi na kuzima saa tisa alasiri. Muda huo jua liko juu, na hewa ya nje imeshapata joto, hivyo pampu inachota joto kwa urahisi. Ukiiwasha saa kumi na moja alfajiri kwenye nyuzi 6, mashine ile ile inatumia umeme zaidi kwa maji yale yale. Tangi zuri lililofunikwa sponji nene linapoteza nyuzi chache tu hadi asubuhi. Tangi lenyewe ndiyo betri yako, na halichoki kama betri.

Kosa tunalolikuta mara nyingi kuliko yote liko kwenye kitufe. Ndani ya matangi haya kuna koili ya akiba ya wati 1,500 au 2,000 kwa siku za dharura. Aliyefunga anajaribu mashine, anataka mteja aone maji yamechemka haraka, anaweka hali ya koili, anaondoka. Mwenye nyumba anaona bili haijapungua anasema pampu za joto ni uongo. Kipimo chake ni rahisi: zima kila kitu ndani ya nyumba, acha tangi tu, angalia mita. Ikionyesha wati 600 ni pampu. Ikionyesha 2,000 ni koili. Koili iwashwe mara moja kwa wiki kufikisha maji nyuzi 60, kuua vijidudu vinavyopenda maji ya vuguvugu yaliyokaa, basi.

Upande wa mabomba, valvu ya usalama isizibwe kamwe. Inadondosha matone maji yanapopata joto na kutanuka, na wapo wanaoifunga kwa plagi kwa sababu inalowesha ukuta. Tangi lililozibwa valvu na kuharibika themostati (kidhibiti cha joto) linaweza kupasuka kama bomu. Ipe bomba lake lenye mteremko hadi nje, mdomo uwe wazi. Bomba la maji moto liwe la plastiki ya PPR la daraja la PN20, lile lenye mstari mwekundu. PN10 ni la maji baridi na litavimba. Livishe sponji ya milimita 13 urefu wote, hasa linapopita nje. Bomba la milimita 20 linabeba lita 0.14 kwa kila mita, kwa hiyo bafu lililo mita 20 kutoka kwenye tangi linamwaga karibu lita 3 za baridi kila mtu anapoingia kuoga. Sogeza tangi karibu na bafu, usiliweke mbele ya nyumba lionekane.

Jingine: maji ya moto na ya baridi yatoke kwenye simtanki moja. Baridi likitoka bomba la mtaa lenye msukumo mkubwa na moto likitoka simtanki la mita tatu juu, baridi litasukuma moto kurudi nyuma, na mtu ataoga baridi huku tangi limejaa maji moto. Na kwenye maji ya kisima chenye chumvi, fito ya magnesiamu iliyomo ndani ya tangi ikaguliwe kila mwaka. Ikiisha, kutu inahamia kwenye tangi.

Pampu hutoa hewa ya baridi na maji ya umande. Usiifungie kwenye stoo ndogo. Itapoza stoo mpaka ikose joto la kuchota. Chini ya mapaa upande wa nje panafaa, mbali na dirisha la jirani kwa sababu feni inasikika.

Haki inatudai tuseme pia kwamba anayetaka maji moto tu, na hana haja ya umeme wa ziada, sola ya maji yenye mirija ya kioo inamtosha na haina kompresa ya kuharibika. Udhaifu wake ni mvua ya mawe, na siku za ukungu inabaki na koili tu. Paneli za umeme zinaendelea kutoa kidogo hata kwenye ukungu, na maji yakishapata joto umeme unaobaki unakwenda kwenye friji na taa.

Kupasha vyumba. Hapa pampu ya joto ni kiyoyozi cha ukutani, cha inveta (ambacho kompresa yake hupunguza mwendo badala ya kuwaka na kuzima), chenye uwezo wa kupasha. Neno la mwisho ndilo mtego. Viyoyozi vingi vinavyopandishwa lori kutoka Dar es Salaam ni vya kupoza tu, maana vililetwa kwa ajili ya joto la pwani. Kwa nje vinafanana kabisa. Angalia rimoti: ikiwa na alama ya theluji bila alama ya jua, rudisha. Kisha soma kibandiko cha mashine ya nje, kiwe na mistari miwili, wati za kupoza na wati za kupasha. Asiyeona mstari wa kupasha asikubali kuambiwa kwamba fundi atakiwekea. Valvu ya kugeuza mzunguko wa gesi hufungwa kiwandani.

Kwa chumba chetu chenye dari, kiyoyozi cha BTU 9,000 (kipimo cha uwezo wake) kinatosha na kubaki. Jioni ya kwanza kuta za tofali zitanywa joto saa moja au zaidi kabla hujaona tofauti, usipandishe namba hadi 30 kwa hasira. Mashine haifiki haraka, inazidisha tu matumizi. Weka nyuzi 20, mapezi yakielekea chini kwa sababu hewa ya moto hukimbilia darini. Kuta zikishashiba, mashine inashuka na kuvuta wati 270 hivi. Kwa muda wa saa nne kila jioni ni uniti 1.1, chini ya shilingi 400. Hita ya mafuta ya wati 2,000 katika chumba kisicho na dari, saa hizo hizo, ni uniti 8, shilingi 2,850, na bado mgongo unapigwa na baridi.

Asubuhi yenye ukungu na nyuzi 3 au 4 utaona mashine ya nje imevaa barafu, feni imesimama, na ndani hewa imekata. Dakika tano hadi kumi, mvuke mweupe unatoka, kisha inaendelea. Huko ni kujiyeyusha, na imetengenezwa hivyo. Tunalisisitiza hili kwa sababu mwenye nyumba akiona hivyo anaita fundi, na fundi asiyejua anasema gesi imepungua, anaongeza. Gesi ikizidi, kompresa inabeba mzigo usio wake na kufa kabla ya siku zake. Barafu inayofunika mashine ya nje yote na kukaa saa nzima bila kuyeyuka ndiyo dalili ya kasoro.

Ufungaji wenyewe una jambo moja ambalo ukilisimamia umesalimika na mengi. Mabomba ya shaba yakishaunganishwa, fundi anyonye hewa kwa pampu mpaka geji ishuke chini ya maikroni 500 (kipimo cha hewa iliyobaki ndani), afunge, asubiri dakika 20 aone kama geji inapanda. Kufukuza hewa kwa kuachia gesi kidogo, kama inavyofanywa mahali pengi, kunaacha unyevu ndani, na unyevu ukichanganyika na mafuta ya kompresa unakuwa tindikali. Mashine nyingi mpya zina gesi ya R32, ambayo inaweza kuwaka. Sigara na mwali wa kuchomelea vikae mbali bomba likiwa na gesi.

Kila mashine iwe na laini yake kutoka kwenye boksi la umeme, waya wa milimita 2.5, sakiti breka ya ampia 16, ethi ya kweli na breka ya kukata umeme unaovuja ya miliampia 30 kwa tangi la maji. Vijijini jioni umeme unashuka hadi voliti 180 au chini ya hapo. Kompresa ya kawaida ikijaribu kuwaka kwenye voliti hizo inaunguruma na kuungua. Weka kinga ya voltiji yenye kuchelewesha dakika tatu hadi tano umeme unaporudi.

Sasa paneli. Mfumo unaobeba nyumba hii yote ni paneli 6 za wati 550, yaani kilowati 3.3, inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli kuwa wa nyumbani) ya kilowati 5 inayopokea sola, betri na TANESCO kwa pamoja, na betri ya lithiamu ya chuma na fosfeti ya voliti 51.2, ampia-saa 100, ambayo ni uniti 5 hivi. Siku ya kiangazi paneli hizo zitatoa uniti 11 hadi 12. Maji yanachukua 2.6, vyumba viwili jioni 2.2, friji, taa, runinga na simu 2.5, na jiko la presha la umeme pamoja na sahani ya kupikia 2 hadi 3. Kinachobaki ni nafasi ya siku ya mawingu.

Jua la Juni na Julai linapita kaskazini yetu. Paneli zielekee kaskazini kwa mwinamo wa nyuzi 15 hadi 20. Zipo nyumba nyingi zilizofungwa paneli upande wa kusini kwa kuwa ndio unaotazama barabara, na wenye nyumba wanashangaa kwa nini zinalegea msimu ule ule wanaozihitaji. Vishikio vifungwe kwenye papi, si kwenye bati peke yake, na skrubu ziingie kwenye tuta la bati, zikiwa na mpira. Kiangazi vumbi linatanda, zioshwe kwa maji kila wiki mbili au tatu, alfajiri kabla kioo hakijapata moto.

Kosa la gharama kubwa kwenye paneli linahusu baridi yenyewe, na wauzaji wa pwani hawalijui kwa sababu kwao halitokei. Paneli ikipoa, voliti zake zinapanda. Paneli ya wati 550 ina voliti 49.8 hivi ikiwa haijabeba mzigo, kipimo cha nyuzi 25. Alfajiri ya Makete yenye nyuzi 2, inaongezeka karibu asilimia 6, inakuwa 53. Inveta nyingi za bei nafuu zina kikomo cha voliti 145 upande wa paneli. Fundi akiunga tatu kwa mfululizo anapata 149 hata bila baridi. Alfajiri zinafika 158, na jua la kwanza linaiunguza inveta kabla chai haijachemka. Kwenye inveta hiyo unga mbili mbili. Kwenye inveta yenye kikomo cha 500, sita kwa mfululizo zinafika 317 na hakuna tatizo. Hesabu hiyo ifanywe kwa baridi kali ya eneo lako, na iandikwe kwenye karatasi mteja aione.

Breka ya upande wa paneli iwe ya umeme mnyoofu, ile ya DC. Breka ya kawaida ya nyumba haiwezi kukata cheche za DC na inaweza kuwaka moto ikikatwa. Radi za msimu wa mvua, Novemba hadi Aprili, zinajulikana: weka kinga ya radi pande zote mbili za inveta na fito la shaba ardhini lenye urefu usiopungua mita 1.5, kwenye udongo unaobaki na unyevu. Na inveta ipangwe isirudishe umeme kwenye laini ya TANESCO bila idhini. Mbali na hatari kwa mafundi wa laini, baadhi ya mita za malipo ya kabla huhesabu umeme unaorudi kana kwamba umeutumia.

Betri inunuliwe mwisho. Anayeanza na betri anamaliza fedha kabla hajafika kwenye dari, anaanza kupasha anga kwa umeme wa gharama kubwa.

Mhariri, tuna maombi matatu kupitia gazeti lako. Waagizaji walete viyoyozi vya kupasha Mbeya na Makambako na waviandike wazi kwa Kiswahili nje ya boksi. Vyuo vya ufundi stadi vya VETA vya mikoa ya baridi vifundishe kufunga na kutunza pampu za joto, si kutengeneza friji tu, kwa sababu mashine nzuri mikononi mwa asiyeijua itachafua jina la teknolojia nzima.

Ombi la tatu ni kwa EWURA na TANESCO, na ndilo zito. Mteja wa kundi la D1, la watumiaji wadogo, anayetumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, analipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Pampu ya maji peke yake, uniti 2.6 kwa siku, ni 79 kwa mwezi. Kwa hiyo familia ya kipato kidogo ikiacha mkaa kwa maji ya kuoga tu inatolewa D1, na kila uniti, hata ya taa, inapanda hadi 292. Nchi imejenga Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115, na mzigo huu wa maji unawaka mchana wakati jioni ndiyo yenye msongamano. Mamlaka ziwatengee wateja wa mikoa ya baridi kiwango cha juu zaidi cha D1 kwa miezi ya Mei hadi Agosti, au bei ya mchana kwa mashine yenye taima.

Mpaka hilo lifanyike, mwenye nyumba wa D1 asikate tamaa. Paneli mbili za wati 550 zinatoa uniti karibu 4 kwa siku ya jua, na pampu ya maji inahitaji 2.6. Inveta inayofanya kazi bila betri, tangi la lita 200, taima saa nne hadi saa tisa, na siku za jua mita ya LUKU haitajua kama kuna maji moto ndani ya nyumba hiyo.

Wasalaam,

Mafundi wa umeme na majokofu,
Makambako, Njombe